"Kuna" na "there is": jinsi ya kujenga sentensi za uwepo katika Kiingereza

"Kuna kitabu mezani." "Kitabu kiko mezani." Mzungumzaji wa Kiswahili hachanganyi sentensi hizi mbili. Ya kwanza inamletea msikilizaji kitu ambacho hakuwa nacho akilini. Ya pili inamweleza mahali kilipo kitu anachokijua tayari. Kiingereza kina mgawanyo huohuo: "There is a book on the table" ndiyo ya kwanza, na "The book is on the table" ndiyo ya pili.

Vitabu vingi vya shule huanza somo hili na umoja na wingi: "there is" kwa kimoja, "there are" kwa vingi, basi. Mwanafunzi anakariri na kuishia hapo, halafu anashangaa kwa nini bado anaandika sentensi zinazosikika vibaya. Umoja na wingi una nafasi yake na tutaufikia, lakini kazi hasa ya muundo huu ni kuingiza jambo jipya kwenye mazungumzo, na kazi hiyo unaijua tangu utotoni kwa Kiswahili. Kipimo ni rahisi. Kabla ya kuandika "there is", jiulize kwa Kiswahili ungetumia "kuna" au ungetumia "yuko, kiko, zipo, limo". Ukijikuta na "kuna", endelea na "there". Ukijikuta na "yuko" au "kiko", achana nayo: "Mwalimu yuko ofisini" ni "The teacher is in the office", kamwe si "There is the teacher in the office".

Kuna angalizo moja. Kiswahili kinaweza kutanguliza "-po" mbele ya nomino na kuifanya ifanye kazi ya "kuna": "Wapo watu wanaoamini hivyo." Hapo Kiingereza kinarudi kwenye "there": "There are people who believe that." Angalia mpangilio: "watu wapo" na "wapo watu" si sentensi moja.

Kwa kuwa kinachoingizwa ni kigeni, nomino inayofuata huja na maneno ya mgeni: "a", "an", "some", "any", "no", "many", "few", "several", "a lot of", au namba. Haiji na "the", "this", "my", "all", "every" wala "most", kwa sababu maneno hayo yanadai kwamba msikilizaji ameshakijua kitu au kundi linalozungumziwa. Mwanaisimu Gary Milsark alilichambua jambo hili mwaka 1974 na kuyagawa maneno hayo katika makundi mawili, dhaifu na yenye nguvu. Yale dhaifu ndiyo yanayokubaliana na "there". Kwa hiyo "There are most of the students in the hall" ni kosa. Andika "Most of the students are in the hall". Sikio lako la Kiswahili litakusaidia hata hapa: hakuna anayesema "Kuna wanafunzi wote ukumbini". Tunasema "Wanafunzi wote wako ukumbini."

Mipaka hiyo ina milango michache. Mtu akikuuliza nani anaweza kuwaendesha hadi mjini, unaweza kujibu "Well, there's Asha, and there's your uncle", ingawa Asha na mjomba wote wanajulikana. Unachokiingiza ni wazo kwamba wao ni jibu, kama tunavyosema "Kuna Asha, kuna na mjomba wako". Kadhalika "There is the question of money" humkumbusha mtu jambo analoelekea kulisahau, na "There is every reason to believe him" ni msemo uliokwisha kukaa hivyo.

Jambo jingine dogo linalokosewa kila siku ni kusahau "a". Kiswahili hakina neno la aina hiyo, kwa hiyo "Kuna tatizo kwenye pampu" huzaa "There is problem with the pump". Nomino ya umoja inayohesabika haiwezi kusimama uchi hivyo. Ni "There is a problem with the pump".

"There" ni nini hasa?

Katika muundo huu "there" haimaanishi "pale". Ni kiima cha kujaza nafasi. Sentensi ya taarifa ya Kiingereza inadai kiima mbele ya kitenzi, na kama mwenye nafasi hiyo amepelekwa nyuma, lazima kitu kingine kikae mahali pake. Ndiyo maana unaweza kusema "There is a chair there" bila kujirudia: "there" ya kwanza inajaza nafasi, ya mwisho ndiyo inayoonyesha mahali. Matamshi yanazitenga pia. Ya kwanza hutamkwa haraka na kwa ulegevu, karibu imezwe. Ya pili hukazwa. Ukisikia mtu anakaza "There's the bus!", anaonyesha kwa kidole: "Basi lile pale!" Hapo si sentensi ya uwepo, na ndiyo sababu "the" imeruhusiwa.

Kiswahili hujaza nafasi hiyo kwa kiambishi cha mahali. Tuna "kuna" kwa eneo la jumla, "pana" kwa mahali mahususi, "mna" kwa ndani. Kiingereza kina "there" moja tu kwa zote tatu, na ukihitaji kubainisha ndani au juu, unaongeza maneno ya mahali mwishoni: "There is sugar in the tin."

Mtego wa "kuwa na"

Hapa ndipo penye mzizi wa makosa mengi, na panastahili muda. "Ku-na" kwa undani ni "mahali pana kitu". Umbo hilohilo la "kuwa na" ndilo tunalolitumia kumiliki: "Nina gari", "Shule ina maktaba", "Nitakuwa na kikao". Kiingereza kimezigawa kazi hizi mbili kwa vitenzi viwili. Kumiliki ni "have". Uwepo ni "be". Anayetafsiri "kutakuwa na mkutano" kipande kwa kipande anaona "na" na kuandika "There will have a meeting". Anayeona kiambishi cha mahali anaandika "In this town has many hotels". Yote mawili ni makosa, na yanatoka chemchemi moja.

Kanuni ni hii: ukianza na "there", kitenzi ni "be" katika nyakati zote. Ukitaka "have", mpe mwenye mali nafasi ya kiima: "This town has many hotels." Sentensi zote mbili, "There are many hotels in this town" na "This town has many hotels", ni sahihi. Kinachokataliwa ni nusu ya hii kuunganishwa na nusu ya ile.

Nyakati zenyewe zinaoana na Kiswahili vizuri sana:

kuna: there is, there are
kulikuwa na: there was, there were
kumekuwa na: there has been, there have been
kutakuwa na: there will be
kungekuwa na: there would be
bila shaka kuna: there must be
huenda kuna: there might be
zamani kulikuwa na: there used to be

Tazama "kumekuwa na". "Have" imeonekana, lakini ni kitenzi kisaidizi cha hali timilifu, na "been" ipo palepale. Ndiyo maana "There has been a delay" ni sahihi ilhali "There has a delay" si sahihi. Baada ya "will", "would", "must", "might" na "used to", "be" haibadiliki, iwe umoja au wingi. Lakini "seem" hubadilika: "There seems to be a mistake", "There seem to be some mistakes".

Umoja, wingi, na ngeli zinazodanganya

Kitenzi hupatana na nomino inayofuata, si na "there". "There is a nurse", "There are two nurses", "There have been complaints". Katika mazungumzo utawasikia wenye lugha wakisema "There's two people outside". Ni kawaida mdomoni, lakini usiiandike kwenye barua ya kazi wala kwenye mtihani.

Nomino zikiorodheshwa, kitenzi hufuata ile iliyo karibu nacho: "There is a pen and two notebooks on the desk", lakini "There are two notebooks and a pen". Na maneno kama "a lot of" hayana sauti yoyote; angalia kilicho baada ya "of". "There is a lot of dust" na "There are a lot of potholes". "More than one" hudai umoja, ingawa maana ni zaidi ya moja: "There is more than one way to do it."

Ngeli zetu ndizo zinazowaponza wengi. "Maji mengi", "mafuta", "maziwa", "mahindi" na "maendeleo" yana sura ya wingi katika Kiswahili, na mwandishi akapeleka wingi huo kwenye Kiingereza. Kwa Kiingereza ni nomino zisizohesabika, na kitenzi ni cha umoja: "There is water in the tank", "There is a lot of maize this year", "There has been great progress". Kundi hilohilo lina "information" kwa taarifa zote, "advice" kwa ushauri, "luggage" kwa mizigo ya safari, "furniture" kwa samani, "equipment" kwa vifaa, "evidence" kwa ushahidi na "traffic" kwa foleni ya magari. Hakuna "informations" wala "equipments", wala "There are many furnitures". Ukitaka kuhesabu, leta kipimo: "There are three pieces of furniture in the room."

Upande wa pili, "people" na "police" hazina "s" lakini ni wingi: "There are police at the junction." Na "news" ina "s" lakini ni umoja: "There is good news."

Wasomaji walio Kongo au Burundi, ambao wamepitia Kifaransa shuleni, wana kishawishi cha ziada. "Il y a" ya Kifaransa haibadiliki kamwe kwa wingi, na imejengwa juu ya kitenzi cha kumiliki kama "kuna" yetu. Basi "There is many people" huwatoka bila kujua. Kwa Kiingereza lazima kitenzi kibadilike.

Kukanusha na kuuliza

"Hakuna" ina njia mbili, nazo hazichanganywi: "There is no water" au "There isn't any water". Ukanushi mmoja unatosha. Kosa lililoenea Afrika Mashariki ni "There is no any water", linalotoka moja kwa moja kwenye "Hakuna maji yoyote". "No" tayari ina maana ya "not any", kwa hiyo "any" inabaki haina kazi. Kosa hili limeingia hadi kwenye mihtasari ya vikao. Kuna fungu la maneno la kufungia kikao linalotumiwa sana maofisini: "There being no other business, the meeting closed at 4 p.m." Ni muundo halali wa uwepo usio na kitenzi chenye wakati, maana yake "kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine". Lakini kwa kuwa ajenda ya mwisho huitwa "any other business", makatibu huandika "There being no any other business". Ondoa "any".

Misemo ya "hakuna" inayoendelea na kitendo ina maumbo yake, na yafaa kuyashika kama yalivyo: "hakuna haja ya kusubiri" ni "there is no need to wait", "hakuna maana ya kubishana" ni "there is no point in arguing". "Ya" yetu huwavuta watu kuandika "no need of waiting". Jihadhari nayo.

Katika kuuliza, Kiswahili kinaweza kutegemea sauti tu: "Kuna maji?" Kiingereza cha kuandika kinataka kitenzi kitangulie: "Is there any water?" Jibu fupi hubaki na "there": "Yes, there is", "No, there isn't". Si "Yes, it is". Hata kiulizi cha mwishoni hufuata "there": "There's a problem, isn't there?" Wengi wetu tuna "isn't it" moja tunayoibandika kila sentensi, na hapa inaonekana wazi.

Kinachofuata baada ya nomino

"Kuna mtu anataka kukuona." Kwa Kiswahili vitenzi viwili vinakaa pamoja bila kiungo, na sentensi inatiririka. Kwa Kiingereza, "There is a man wants to see you" imekatika katikati. "Is" imeshachukua nafasi ya kitenzi kikuu, kwa hiyo cha pili lazima kivae umbo jingine. Una njia nne.

Tumia kirejeshi, ukikiacha kionekane: "There is a man who wants to see you." Tumia umbo la "-ing" kwa tendo linaloendelea: "There is a man waiting at the gate", wala si "There is a man is waiting". Tumia umbo la kutendwa kwa aliyetendewa: "There were three passengers injured." Au tumia "to" kwa jambo linalongoja kufanywa: "There is a lot to do before Friday." Vivumishi vya hali ya muda navyo hukubali kukaa nyuma ya nomino: "There are seats available", "There is something wrong". Vya tabia ya kudumu havikubali. "There are men tall" haipo, ni "There are tall men".

Ukishamwingiza mgeni, "there" imemaliza kazi. Sentensi inayofuata inatumia kiwakilishi cha kawaida: "There is a pharmacy behind the bus stand. It closes at eight."

Mahali ambapo "kuna" si "there is"

Hali ya hewa na ya mahali hutumia "it". "Kuna baridi" ni "It is cold", "kuna joto" ni "It is hot", "kuna giza" ni "It is dark". Hapa Kiingereza kimetumia kivumishi mahali petu pa nomino, na kivumishi hakiwezi kuingizwa kwa "there". Ukirudi kwenye nomino halisi, "there" inarudi nayo: "There is a strong wind today."

Kinyume chake kipo pia. "Tuko wanne" wengi husema "We are four". Mhudumu wa hoteli ataelewa, lakini Kiingereza sanifu ni "There are four of us". Vivyo hivyo "Tumezaliwa sita": "There are six of us children in my family." Umbo hili la namba na "of us" au "of them" halifundishwi vya kutosha, na ndilo mtu analolihitaji siku ya kwanza anapoingia mkahawani au kujaza fomu ya safari.

Lini uiache

Walimu wa uandishi huwaambia wanafunzi wapunguze "there is". Wana haki nusu. Muundo huu ni mzigo pale ambapo habari yenyewe ni tendo, na uwepo si habari. "There are many students who walk to school" ina maneno manane, na "Many students walk to school" yamesema jambo lilelile kwa matano. "There was a 15 per cent increase in sales" inaweza kuwa "Sales rose by 15 per cent". Katika maelezo ya grafu, ya kwanza ina manufaa ukitaka kuongeza kivumishi, mfano "a sudden increase", au kubadilisha sura ya sentensi zinazofuatana. Kumbuka tu kuwa "in" inakwenda na kitu kilichoongezeka na "of" na kiasi, "an increase of 15 per cent". Zaidi ya hapo, muundo huu unaweza kumficha mtenda. "There was a decision to close the school" haisemi nani aliamua, na msomaji ana haki ya kujua.

Lakini ukiuondoa kila mahali utaharibu sentensi nzuri. "A fly is in my soup" ni sahihi kisarufi na haisemwi. Kiingereza hakipendi kuanza na mgeni asiyetambulishwa. Kinapenda kimalizie naye, hasa akiwa na maelezo marefu nyuma yake.

Tuchukue aya moja ya ripoti na kuipitia:

"There are many farmers who sell their maize at the roadside. There was a decision by the council to build a market for them. There is a shed with forty stalls at the junction, but there is no water and there are no toilets. There is a fear among the traders that customers will not come."

Sentensi ya kwanza inahusu kuuza, si kuwepo kwa wakulima: "Many farmers sell their maize at the roadside." Ya pili ina mtenda aliyesukumwa nyuma, mrudishe mbele: "The council decided to build them a market." Ya nne ina hisia iliyogeuzwa kuwa nomino, irudishe kuwa kitenzi: "The traders fear that customers will not come." Ya tatu ndiyo ya kubaki. Banda ni kitu kipya kwa msomaji, na habari ni kwamba sasa lipo: "There is now a shed with forty stalls at the junction." Nusu yake ya pili ina njia mbili. Ukiandika "but there is no water and there are no toilets", marudio yanakaza upungufu, na ripoti inayodai huduma inaweza kuyahitaji. Ukitaka kwenda haraka, banda limeshatambulishwa, kwa hiyo linaweza kuwa kiima na kumiliki au kukosa, na hapo "have" ni halali kabisa: "but it has no water and no toilets."